Efeso, Patmo au Korintho: meli ikikupa siku moja nchi kavu, ushuke wapi?

Shangazi yangu na akina mama wa kanisa lake hapa Likoni wamechanga pesa kwa miaka minne. Wanataka kuiona miji ya Paulo na Yohana kabla magoti hayajakataa kabisa, na wamepiga hesabu wakaona meli ya kitalii itawafaa kuliko kuhamahama hotelini: chumba, chakula na usafiri vimo kwenye bei moja, na sanduku hulifungui na kulifunga kila asubuhi. Juzi akanipigia simu. "Mwanangu, wewe umeishi kwenye meli hizo. Tunazo pesa za kumlipa mwongozaji siku moja tu. Hizo siku nyingine tutazunguka bandarini tu. Sasa hiyo moja tuitumie wapi?"

Miaka saba nilihudumu kwenye ukumbi wa chakula wa meli za namna hiyo, kama walivyofanya vijana wengi wa Mombasa. Mhudumu hapewi siku nzima. Unamaliza chai ya asubuhi, unapewa saa nne au tano, na kabla ya chakula cha jioni uwe umeshavaa sare. Kwa hiyo sehemu hizi nimeziona vipande vipande, lakini mara nyingi. Nimewaona pia abiria wakirudi jioni. Wapo waliokaa mezani wakiongea mpaka chakula kikapoa kwa furaha ya walichokiona, na wapo waliouliza tu kama kuna supu, kwa sababu siku nzima iliishia kwenye basi.

Tofauti ya hao wawili mara nyingi haikuwa uzuri wa mahali. Ilikuwa hesabu ya saa. Meli ikifika gatini saa 1 asubuhi na kuondoka saa 11 jioni, usiseme una saa kumi. Foleni ya kushuka inakula karibu saa nzima. Jioni wanataka watu wote wawe ndani nusu saa au saa nzima kabla ya kung'oa nanga. Umebaki na saa nane, na humo utoe barabara ya kwenda na kurudi, utoe chakula, utoe choo cha watu arobaini wa basi moja. Kinachobaki ndicho ulicholipia.

Efeso

Kwa hesabu hiyo Efeso inaanza ikiwa mbele. Meli hufunga Kuşadası, mji wa Uturuki ambao jina lake maana yake ni kisiwa cha ndege, na kutoka gatini hadi magofuni ni kama kilomita 20. Nusu saa tu na umefika. Mabasi hukushusha lango la juu na kukungoja lango la chini, kwa hiyo mwendo wote ni wa kuteremka. Kwa mtu mwenye magoti mabaya hiyo ni afueni kubwa, ingawa marumaru ya barabara zake imesuguliwa na nyayo za karne nyingi hadi inateleza hata siku ya jua kavu. Viatu vya soli isiyo na meno viacheni chumbani.

Hakuna gofu lingine katika haya linalokupa hisia ya mji kama Efeso. Unatembea barabarani hasa, maduka huku na huku, chemchemi, vyoo vya umma vyenye matundu yamepangwa kwenye benchi la mawe, nyumba za matajiri mlimani. Halafu barabara inapinda na mbele yako unaona uso wa maktaba ya Celsus, orofa mbili za nguzo. Kila mtu hupiga picha hapo, na kila mara nilitamani mwongozaji aseme jambo moja ambalo wengi hulipita: Paulo hakuiona maktaba hii. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya pili, miongo kadhaa baada ya kifo chake, na uso unaouona ulisimamishwa upya na wanaakiolojia katika miaka ya 1970. Ni nzuri, ipendeni, lakini msipige magoti pale.

Mahali pa kusimama kwa muda mrefu ni ule ukumbi mkubwa wa wazi uliochongwa ubavuni mwa mlima, ambao Biblia yetu inauita mahali pa michezo. Unaingiza watu wapatao 24,000. Hapo ndipo Demetrio mfua fedha na mafundi wenzake walipoukusanya mji wote, wakapiga kelele kwa muda wa saa mbili wakimtukuza Artemi wao, kwa sababu mahubiri ya Paulo yalikuwa yanawaharibia biashara ya vihekalu vya fedha. Ukumbi ulikarabatiwa na kupanuliwa baadaye, lakini mahali ni palepale. Simama katikati chini, geuka uelekeze mgongo kwenye viti. Mbele yako kuna barabara pana iliyonyooka kuelekea magharibi. Ilikuwa inakwenda bandarini. Leo inaishia kwenye majani na matete, kwa sababu mto ulileta tope karne baada ya karne mpaka bahari ikasogea kilomita kadhaa na mji ukafa. Mimi mtoto wa pwani kitu hicho kilinigusa kuliko nguzo zote. Mji uliokula na kuvaa kwa ajili ya bandari, ukanyang'anywa maji.

Karibu na lango la chini, pembeni kabisa, kuna magofu ya kanisa la Maria, marefu na membamba, ambayo vikundi vingi huyapita vikikimbilia basi. Mtaguso wa mwaka 431 uliomthibitishia Maria jina la Mama wa Mungu unahusishwa na kanisa hilo. Birika la ubatizo bado lipo. Mwambieni mwongozaji mapema, kabla hamjapanda basi, kwamba mnataka dakika ishirini pale. Akikataa tafuteni mwingine.

Kisha kuna mambo mawili nje ya magofu, na hapa ndipo siku nyingi za Efeso huharibika. La kwanza ni nyumba ya Bikira Maria, juu ya mlima Bülbüldağı. Ilitambuliwa mwaka 1891 na mapadre kutoka Izmir waliofuata maono ya mtawa wa Kijerumani, Anne Catherine Emmerich, ambaye mwenyewe hakuwahi kufika huko. Mapapa Paulo wa Sita, Yohane Paulo wa Pili na Benedikto wa Kumi na Sita wote wamefika. Ni kijumba kidogo cha mawe chini ya miti, chemchemi, na ukuta ambapo watu hufunga vikaratasi vya maombi. Waislamu pia huja, kwa maana Bibi Mariamu ni wao pia. La pili ni basilika la Mtakatifu Yohana mjini Selçuk, lililojengwa na kaisari Justiniano katika karne ya sita juu ya mahali panapoaminika kuwa kaburi la Yohana. Limebomoka, lakini kaburi limewekewa bamba la marumaru kati ya nguzo nne, na birika la ubatizo lina ngazi za kushukia na kupandia.

Magofu, nyumba na basilika kwa siku moja vinawezekana, kwa sharti moja: gari lisisimame kwenye duka la mazulia. Safari ya kwanza niliyojilipia Efeso, tuliketishwa kwenye duka hilo dakika hamsini, chai ya tufaha mkononi, mazulia yakikunjuliwa miguuni petu moja baada ya jingine, na kanisa la Maria nikaliona kupitia dirisha la basi. Ulizeni kwa maandishi kama safari yenu ina kituo cha manunuzi. Kiingilio nacho si kidogo: mwaka 2024 tiketi ya magofu peke yake ilikuwa euro 40, na nyumba za matajiri zina tiketi yake ya ziada.

Patmo

Patmo ni kinyume cha Efeso karibu kwa kila kitu. Ni kisiwa kidogo cha Ugiriki, kilomita za mraba kama 34. Meli kubwa hazifungi gatini: hutia nanga nje, na abiria hushushwa kwa mashua hadi kijiji cha bandari, Skala. Kwa hiyo kabla hujapenda Patmo jiulize unakwenda mwezi gani. Julai na Agosti upepo wa kaskazini wa bahari ile, meltemi, huvuma siku mfululizo, na nahodha akiona mawimbi si salama kwa mashua husema hatushuki, tunaendelea. Hakuna mtu wa kulaumiwa. Nimewahi kumhudumia chai bibi mmoja aliyekuwa anaitazama Patmo kupitia kioo, monasteri juu kilimani ikionekana wazi kabisa, na meli inageuka. Alilia kimya kimya. Kama Patmo ndiyo sababu ya safari yenu, nendeni Mei, mapema Juni, au Septemba ikielekea mwisho.

Ukishuka, umbali si tatizo. Pango la Ufunuo liko katikati ya kilima kati ya Skala na mji wa juu, Chora, na monasteri ya Mtakatifu Yohana iko juu yake kama ngome. Teksi ni dakika chache. Ukitaka kutembea kuna njia ya kale ya mawe, lakini ni kupanda tu, na shangazi wala asijaribu.

Hapa hakuna mji wa kutembelea, hakuna nguzo, hakuna maktaba ya Kirumi. Kuna pango. Unashuka ngazi, unaingia kanisa dogo ambalo ubavu wake mmoja ni mwamba mtupu. Dari la mwamba limekaa chini, mtu mrefu huinama. Kwenye ukuta, karibu na sakafu, kuna tundu lililozungushiwa pete ya fedha: wanasema hapo Yohana alilaza kichwa. Juu kidogo kuna tundu jingine dogo, nalo lina fedha: hapo alishika mkono akijiinua. Na juu ya mwamba kuna ufa uliogawanyika mara tatu, ambao Waorthodoksi wanauhesabu kuwa ishara ya Utatu, na wanaamini sauti ilitokea hapo. Kwa mapokeo yao Yohana alisema na mwanafunzi wake Prokoro akaandika. Ubani umeingia kwenye jiwe lenyewe. Mara yangu ya tatu nilifika tukiwa watu sita tu, mzee mmoja padre akisoma kwa sauti ya chini kwa Kigiriki, na sikuwaza habari ya sare wala zamu.

Je, ni pango hilohilo? Biblia inasema Yohana alikuwa kisiwani, haitaji pango. Ni mapokeo, ya kale na yenye uzito, na huwezi kuyapima kwa kipimo cha jiwe lenye maandishi. Anayekwenda Patmo anakwenda kusali. Anayekwenda kwa ushahidi atatoka na maswali.

Monasteri ilianzishwa mwaka 1088 na mtawa Kristodulo, aliyepewa kisiwa kizima na kaisari Alexios Komnenos. Hazina yake ni maandishi: kuna karatasi 33 za Injili ya Marko za karne ya sita, ngozi iliyotiwa rangi ya zambarau na herufi za fedha. Kwa mtu aliyezoea Biblia ya karatasi nyepesi inayochanika kwenye kona, kusimama mbele ya kurasa zile ni jambo. Ila wafungaji wa milango hawakungojei: mchana hufunga, na meli ikifika saa sita mnaweza kukuta kufuli. Magoti na mabega yafunikwe. Leso zetu mbili za pwani zinatosha, na akina mama watakuwa wamevaa heshima kuliko watalii wengi.

Kwa kuwa meli nyingi hukaa Patmo nusu siku tu, na teksi zinatosha, sioni sababu ya kutumia ile pesa ya mwongozaji hapa. Someni Ufunuo sura tatu za kwanza usiku uliotangulia. Makanisa saba yanayoandikiwa mle yako ng'ambo, bara ile ya Uturuki, na Efeso ndilo la kwanza kutajwa.

Korintho

Sasa nakuja kwenye mahali ambapo abiria wachache huchagua, na mimi ningerudi kesho.

Anayekwenda Korintho hushukia Piraeus, bandari ya Athene. Watu karibu wote wakishuka hukimbilia Akropoli, na walio Wakristo hupanda Areopago, mwamba ulio chini yake, ambapo Paulo alizungumza na wenye hekima wa mji juu ya Mungu asiyejulikana. Areopago haina kiingilio. Treni ya mjini kutoka Piraeus inakufikisha jirani kwa chini ya nusu saa. Shikilieni mikoba vizuri mle ndani. Chini ya mwamba kuna bamba la shaba lenye maneno ya Matendo 17 kwa Kigiriki. Juu ni jiwe tupu, limesuguliwa likawa kama kigae kilichomwagikiwa mafuta, kwa hiyo tumieni ngazi za chuma. Nusu saa inatosha. Mtu asiyejua hadithi haoni chochote pale zaidi ya mandhari.

Korintho ya kale iko mbali: kama kilomita 85 kutoka Piraeus, saa moja na robo barabara ikiwa nzuri. Kwenda na kurudi ni saa mbili na nusu za siku yenu. Hilo ndilo linalowafukuza watu. Na mkishafika, hakuna uso wa maktaba wa kukukata pumzi. Kuna uwanja mpana, nguzo saba nzito za hekalu la Apolo zilizokuwa tayari kuukuu Paulo alipofika, na mlima mkubwa wa Akrokorintho nyuma yake. Wanaokuja kwa picha hurudi wamenuna.

Lakini mtu anayezijua zile nyaraka mbili, aliyezisikia zikisomwa kila Jumapili tangu utotoni, atakuta kwamba mawe ya Korintho yanajibu. Katikati ya uwanja kuna jukwaa la mawe. Wanaakiolojia wanalitambua kuwa kiti cha hukumu, mahali Paulo alipofikishwa mbele ya Galio. Biblia yetu inamwita Galio liwali wa Akaya, na sisi wa Mombasa, ambao babu zetu walipeleka mashauri kwa liwali hasa, hatuhitaji kuelezwa cheo hicho. Liwali akasikiliza, akaona ni ugomvi wa maneno na majina na sheria yao, akawafukuza wote. Huyu Galio alikuwa ndugu yake Seneka mwanafalsafa, na barua ya kaisari Klaudio iliyochongwa kwenye jiwe huko Delfi inamtaja. Kwa jiwe hilo tunajua alikuwa kazini yapata mwaka 51 au 52. Kati ya matukio yote ya maisha ya Paulo, hilo ndilo linaloshika tarehe kwa nguvu zaidi, na miaka mingine ya safari zake huhesabiwa kutoka hapo, mbele na nyuma. Unasimama mahali ambapo kalenda ya kitabu cha Matendo imefungwa kamba.

Nje ya uzio wa magofu, ukivuka barabara kuelekea ukumbi wa michezo wa kale, kuna kitu kingine. Wageni wengi hawafikishwi. Ni mawe ya sakafu, ya kijivu, chini kabisa, majani yamezunguka. Yamechongwa herufi za Kilatini kubwa kuliko kiganja, zenye kina, kwa sababu zamani zilijazwa shaba na shaba yenyewe imekwisha kung'olewa. Zinasema Erasto aliitandaza sakafu hii kwa gharama yake mwenyewe, kwa kurudisha shukrani ya cheo chake cha mjini. Yaligunduliwa mwaka 1929. Sasa fungueni Warumi 16, barua ambayo Paulo aliiandika akiwa Korintho: miongoni mwa wanaotuma salamu yupo Erasto, wakili wa mji. Wataalamu wanabishana kama ni mtu mmoja, maana cheo kimetajwa kwa maneno tofauti katika Kilatini cha jiwe na Kigiriki cha barua. Mimi nilichuchumaa nikaweka vidole kwenye herufi E. Vumbi lilikuwa limejaa ndani, na chungu mmoja mweusi alikuwa anapita mle kama kwenye mfereji. Hata kama si yeye, ni mtu wa aina yake, wa mji wake, wa karne yake. Na huo ndio ukaribu ambao Efeso, kwa uzuri wake wote, haikunipa.

Jumba la makumbusho limo ndani ya eneo hilohilo, dogo, halichoshi. Tafuteni jiwe la juu ya mlango lililovunjika ambalo maandishi yake yanasomwa kuwa sinagogi la Waebrania. Ni la baada ya Paulo, lakini linaonyesha jumuiya hiyo iliendelea kuwepo. Tafuteni pia viungo vya udongo wa kuchoma kutoka hekalu la mungu wa uponyaji, Asklepio: masikio, mikono, miguu, vya ukubwa wa mtu, vilivyotolewa na wagonjwa kama sadaka ya shukrani. Sijui nani alikuwa wa kwanza kuvihusisha na yale maneno ya Paulo, kwamba mguu ukisema kwa kuwa mimi si mkono, mimi si wa mwili, hauachi kuwa wa mwili; wahubiri wengi wamefanya hivyo. Hakuna awezaye kuthibitisha. Lakini ukiona safu ile ya miguu na masikio yasiyo na mwili, sura ya 12 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho haisomeki tena kama zamani.

Njiani kurudi kuna mfereji wa Korintho, uliofunguliwa mwaka 1893, kilomita 6 na kitu, umekata mwamba kama kisu. Mabasi yote husimama darajani. Kaisari Nero alijaribu kuuchimba mwaka 67 akashindwa. Dakika kumi, picha, twende. Dakika mnazookoa pale zitumieni Kenkrea, bandari ya upande wa mashariki, alikotoka Fibi mhudumu wa kanisa na alikonyoa Paulo nywele kwa ajili ya nadhiri. Ukuta wa gati la kale umezama, unaonekana chini ya maji masafi, na watoto wa kijiji huogelea juu yake. Hakuna lango wala tiketi.

Malta na Roma, kwa ufupi

Meli nyingine waliyoonyeshwa akina mama inapita Malta na Civitavecchia, bandari ya Roma. Malta ni Melita ya Matendo 28, na bandari ya Valletta iko chini ya mji wenyewe, lifti inakupandisha. Mjini kuna kanisa la kumbukumbu ya kuvunjikiwa meli. Katika mji wa Rabat, kilomita kama 12, kuna pango la Paulo na makaburi ya chini ya ardhi yaitwayo kwa jina lake. Makaburi yale ni ya karne zilizofuata, lakini yana kitu cha kupendeza mno: meza za duara zilizochongwa kwenye mwamba, ambapo ndugu walikaa kula chakula cha kumbukumbu karibu na wafu wao. Nasi tunaokula pamoja matangani tunaelewa mara moja. Kwa siku fupi na kwa pesa kidogo, Malta ndiyo rahisi kuliko zote, basi la kawaida linatosha.

Roma kutoka Civitavecchia ni zaidi ya saa nzima kila upande, na ni mji unaotaka wiki. Mkienda kwa siku moja msijaribu Vatikano na makaburi ya chini ya ardhi pamoja. Chagueni kanisa la San Clemente: juu kanisa la karne ya 12, unashuka ngazi unakuta la karne ya nne, unashuka tena unakuta majengo ya Kirumi ya karne ya kwanza. Lakini kwa kweli Roma iwekeni kwa safari yake yenyewe.

Viza na saa

Jambo hili ni la pasipoti zetu hasa, na wakala wa safari mara nyingine husahau kulisema kwa sababu wateja wake wengi halihusu. Meli inayotoka Piraeus, ikaenda Kuşadası, kisha ikarudi Patmo, imetoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja itakwisha siku mtakapokanyaga Uturuki. Ombeni ya kuingia mara nyingi, na viza ya Uturuki ni jambo la pekee yake, liulizeni mapema. Meli inayogusa Piraeus na visiwa vya Ugiriki peke yake haina tatizo hilo. Malta na Italia pia ziko ndani ya Schengen.

Saa nazo. Uturuki mwaka mzima iko sawa na Afrika Mashariki. Ugiriki iko sawa nasi majira ya joto tu. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi iko nyuma kwa saa moja. Saa ya meli inaweza kufuata yoyote, na simu hujibadilisha yenyewe bila kukuuliza. Vaeni saa ya mkono, muiweke kwa saa ya meli, msiiguse. Nimeona familia nzima imesimama gatini Kuşadası ikipunga mkono kwa sababu ya simu moja.

Na hapo ndipo linapokuja suala la kununua matembezi ya meli au kukodi gari lenu. Ya meli ni ghali, ila basi lake likichelewa, meli kwa kawaida hungoja. Kwa Efeso, nusu saa tu kutoka gatini, kodini gari lenu na mwongozaji wenu bila hofu. Kwa Korintho, saa moja na robo na njia kuu inayoweza kuziba, ningependa akina mama wawe kwenye basi la meli, hata likiwa ghali, na waulize kwanza kama linafika jiwe la Erasto.

Nilichomjibu shangazi

Nilimwambia hivi. Kama kikundi kina watu ambao Biblia ni hadithi wanayoijua kwa mbali, au vijana, au mtu anayetaka kuona mji wa kale ukasimama mbele yake, ni Efeso, bila kubishana. Kama wanataka kimya na maombi, ni Patmo, na ile pesa ya mwongozaji ibaki mfukoni. Kama ni watu wa kusoma nyaraka, waliobishana nazo, waliolilia maneno yake msibani na kuyasoma harusini, waende Korintho.

Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Huko Korintho, hapo kwenye kiti cha liwali, wanaruhusu mtu kusoma kwa sauti?"

Nikamwambia vikundi husoma kila siku, hakuna anayewazuia.

"Basi andika Korintho. Mama Baraka ndiye atakayesoma, ana sauti. Sura ya kumi na tatu yote."

Nikamkumbusha viatu vya raba, kofia, chupa ya maji ya lita moja kila mtu, na Biblia ile ya herufi kubwa, kwa sababu uwanja ule hauna mti karibu na jukwaa na jua la saa tano linapiga kwenye ukurasa mweupe mpaka mistari inapotea.